Pikapu Ndani ya Boma

Jumatano, tarehe kumi na tisa Novemba. Asubuhi kulikuwa na manyunyu ambayo hayakulaza hata vumbi, mchana jua likawaka, na sasa jioni upepo unatoka upande wa ziwa na kuupigapiga mlango wa jikoni. Okelo yuko hapa. Ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, na amesafiri kutoka Migori hadi hapa Rangwe na viatu vyake vya kanisani ili kuniambia kwa mdomo jambo ambalo aliniambia kwa simu jana: mama yao amefariki. Habari ya namna hii haiachiwi simu peke yake. Atazikwa Jumamosi ya wiki ijayo, na kwa kuwa mimi ndiye mke wa mtoto wake wa kwanza, nitapewa kipaza sauti na watu watanyamaza. Okelo amelala kwenye kiti kirefu, mdomo wazi, chai yake imeshika ngozi juu. Mimi nimechukua daftari ninamoandika siku zangu nikajaribu kuweka maneno matatu mazuri kuhusu Mama. Nimeandika, nimefuta. Kila nikianza narudi kwenye mwaka mmoja tu, ule mwaka wa pikapu, na sijui kama ni haki kumpima mtu aliyekaribia miaka tisini kwa mwaka mmoja. Pengine si haki. Lakini ndio mwaka tuliokaa karibu zaidi, yeye kwenye kigoda chake na mimi kwenye mkeka wangu, hatua kumi kati yetu, tangu umande ukauke mpaka kuku waingie.

Ouma, mume wangu, alikufa kwa homa ya siku tatu. Hilo sitalirefusha. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na binti yetu Akoth ndiyo kwanza alikuwa anaanza kusimama kwa kushika ukuta. Wiki moja kabla ya homa, Ouma alikuwa ameifungua injini ya pikapu yake kwa sababu ilikuwa inatoa moshi wa buluu na kumeza oili kama mlevi. Hiyo pikapu ndiyo iliyokuwa ikibeba magunia ya mawe ya dhahabu kutoka mashimo ya Osiri hadi kwenye vinu vya kusagia, na ilikuwa nzee hata wakati huo, rangi yake ya maziwa imebaki tu pale mvua haifiki. Alikitoa kila kitu akakipanga ndani ya makopo manane ya mafuta ya kupikia, akayasukuma chini ya kitanda chetu ili yasiibwe. Kwa hiyo alipougua aliugulia juu ya injini yake, na alipokufa mimi nikaendelea kulala juu yake. Chumba kilinuka petroli na mtoto. Nje, gari lenyewe lilikaa kati ya ghala la mahindi na kaburi, limefunikwa turubai, boneti imefungwa kwa kamba ya katani.

Kwetu, mume akishazikwa, mjane huingia katika kipindi kinachoitwa chola, na mpaka wazee waje waiondoe, yeye ni mtu wa ndani. Haingii boma la mtu mwingine. Hampi mtu mkono. Halali kwingine. Mtoni nilikwenda kwa njia ya nyuma, na nikikutana na wanawake wenzangu waliniachia njia, si kwa ubaya, ila waliniachia. Lango la mbele, lile pengo kati ya minyaa ya ua, sikulivuka. Nilivaa koti la Ouma, lile la khaki la kazi, kama mjane anavyovaa nguo ya mume, na lilikuwa limejaa oili kiasi kwamba mtoto alichafuka kila nilipombeba. Kaka yangu alikuja kutoka Asumbi mwezi wa pili baada ya mazishi. Nikamwambia anichukue. Alitazama viatu vyake. "Mama amesema hata nyumba ikikuangukia," aliniambia, "usiingie boma letu na chola." Nilimkasirikia mama yangu miaka mingi kwa neno hilo. Sasa mimi mwenyewe nina boma na wajukuu, na siwezi kuapa kwamba ningesema tofauti.

Okelo ndiye aliyemleta fundi. Nataka hilo liandikwe vizuri kwa sababu baadaye watu walisema Okelo alitaka kuniibia. Alimleta Athumani, mtu wa Malindi mwenye kibanda cha vipuri Migori mjini, aje aone ni kipi kinaweza kuuzwa na kipi kipelekwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na nia yake ilikuwa kuninunulia mabati, maana nyumba yangu ilikuwa inavuja. Lakini Athumani alivuta makopo chini ya kitanda, akachukua muda, akanusa kimoja, akasema hii injini haijafa, imefunguliwa tu. Akasema kumkuta mtu amefunguliwa tumbo na kumuuza viungo ni kazi ambayo yeye hajui kuifanya. Jambo likapelekwa kwa baba mdogo wa Ouma. Mzee yule hakupenda maneno mengi. Alisema injini ikipumua kabla ya chola kuondolewa, mjane ndiye atakayesema gari linaelekea wapi. Isipopumua, Okelo aite watu wa vyuma. Chola ingeondolewa baada ya mavuno ya mahindi, na wote tulijua siku hiyo ingekuja na swali lingine pia, la Okelo kusimama katika nyumba ya kaka yake, yaani kunirithi mimi mjane. Okelo alikuwa na mke. Sikumchukia Okelo. Ila nilitaka kuondoka na mtoto wangu, nije upande huu wa kwetu, nibebe viazi na kuni kwa lile gari, nikae mahali ambapo kaburi haliko mlangoni. Kitu pekee cha kunitoa kilikuwa vipande ndani ya makopo manane, na kazi ya kwanza ilikuwa kuviosha.

Athumani alikuja Jumapili tu, siku ambayo kibanda chake kilifungwa na wengine wa boma walikuwa kanisani. Mama alibaki kulinda. Aliketi kwenye kigoda na ungo wa mtama, akatutazama bila kuficha kwamba anatutazama. Kiswahili hakukijua isipokuwa cha soko, na mimi na fundi hatukuwa na lugha nyingine, kwa hiyo nadhani kila tulichosema kilimfikia kama siri. Ndiyo maana naandika haya kwa Kiswahili. Mambo yote ya hilo gari niliyajua kwa Kiswahili, na hata leo sijui valvu inaitwaje kwa lugha ya mama yangu. Jumapili ya kwanza Athumani alinionyesha brashi na bakuli la mafuta ya taa. "Shemeji, safisha hivi vyote," alisema, "nikirudi nivikute safi."

Nilivisafisha. Mungu anisamehe, sijawahi kusafisha kitu vile. Mimi nililelewa karibu na misheni, ambapo sufuria isiyoonyesha uso wako haikuhesabiwa kuwa imeoshwa. Mafuta ya taa peke yake sikuyaamini. Nilichukua jivu na gunzi la mahindi nikasugua, kopo kwa kopo, siku sita, mpaka kucha zikaisha. Mama alimwambia mke wa Okelo kwa sauti ya mimi kusikia kwamba Nyar Asumbi anapika chuma, kikiiva waitwe. Ndivyo alivyoniita siku zote, binti wa Asumbi. Nilivianika vyote kwenye kichanja cha vyombo, juani, vikang'aa pamoja na vikombe. Athumani alipokuja Jumapili iliyofuata alisimama mbele ya kile kichanja muda mrefu. Hakufoka. Aliuliza vilikuwa kwenye makopo kwa mpango gani. Nikasema sijui, mimi niliviosha tu. Akaokota valvu moja, akaigeuza, akaniuliza kama sikuona alama nyekundu. Hapo nikakumbuka. Vitone vya rangi, kimoja, viwili, vitatu. Nilidhani ni uchafu. Ouma alikuwa amehesabu kila kipande kwa mkono wake ili kirudi kilikotoka, na mimi nilikuwa nimemfuta kwa jivu, nikajisifu.

Fundi alinieleza polepole, kama mtu anayemweleza mgonjwa. Kipande kipya hakijali kinawekwa wapi. Kipande kilichochakaa kimechakaa pamoja na mwenzake. Kila valvu imekula kiti chake na kiti kimeila, na ukiibadilisha itavujisha. Angeweza kuzisaga upya, lakini hizi zilikuwa zimebaki nyembamba, hazina nyama ya kusagwa. "Sasa itabidi tuziulize zenyewe," alisema. Alinitaka masizi. Nikakwangua yale ya koroboi, akayachanganya na tone la oili, akaipaka valvu ukingoni, akaiweka kwenye kiti, akaizungusha kidogo na kuitoa. Kwenye kiti kulibaki alama nyeusi, lakini imekatika sehemu mbili. Si ya hapa. Akaipeleka kiti cha pili. Ikakatika sehemu moja. Duara likitimia bila kukatika, hapo ndipo kwao. Zilikuwa valvu nne kubwa na nne ndogo, na kila moja ilibidi ijaribiwe zaidi ya mara moja kwa sababu alama hukaribiana na kukudanganya. Baada ya hapo ilikuwa zamu ya vile vijiti na vikombe vidogo vinavyozisukuma, navyo vilikuwa vimechakaa kila kimoja kwa namna yake. Jumapili moja haikutosha. Aliniachia kazi.

Basi nikakaa mkekani miezi ya mvua, chini ya kipande cha turubai, na masizi. Nilipaka, nilizungusha, nilitazama, nilifuta. Sijui kama naweza kueleza kufungwa kule kwa mtu ambaye hajafungwa. Haikuwa njaa, haikuwa kupigwa. Tulikula vizuri kuliko nyumba nyingi: asubuhi uji wa mtama, mchana nyoyo ya mahindi na maharagwe, jioni omena, wale dagaa wa ziwani, na kuon, ugali wetu. Mama aligawa chakula yeye mwenyewe na hakunipunja hata siku moja. Siku za Athumani alimpikia samaki kila mara, kwa sababu alikuwa ameambiwa na mtu kwamba watu wa dini yake wana mpango wao wa kuchinja nyama, na samaki hachinjwi. Hakumwambia, alimwekea tu. Lakini nilijua kila mnyaa kwenye ule ua. Nilijua upi umeinama na upi una kiota. Nilimwona mtu akipita barabarani kwenda Osiri na sururu begani, na mpaka anapotea nilikuwa nimeshamwonea wivu kila hatua.

Kuna kitu kingine nilifanya, naona aibu kukiandika lakini nitakiandika. Athumani alisema gari likipona nisije nikamtegemea dereva, nijifunze. Akanionyesha klachi, breki, gia. Basi alasiri nilimweka Akoth kwenye kiti, nikapanda kwenye lile gari lisilo na injini, nikakanyaga klachi, nikaingiza gia ya kwanza, nikaachia, nikaingiza ya pili. Kioo cha mbele kilionyesha ghala la mahindi. Sikwenda popote, na nilirudi nimechoka. Mama alituona. Siku moja aliuliza kutoka kwenye kigoda, bila kucheka, "Nyar Asumbi, leo umefika wapi?"

"Rongo, Mama," nikajibu.

"Si mbali."

"Barabara ni mbaya."

Baada ya hapo aliuliza karibu kila siku. Wakati mwingine nilikuwa nimefika Kisii, wakati mwingine nimepata pancha Awendo. Mke wa Okelo alicheka mpaka akakaa chini. Nilichukulia kwamba Mama ananidhihaki. Leo nikiandika naona kwamba hakuna mtu mwingine kwenye lile boma aliyewahi kuniuliza nataka kwenda wapi. Sijui alikuwa na nia gani. Naandika alichouliza.

Mahindi yalipoanza kutoa ndevu, nilisikia jambo ambalo halikuwa langu kusikia. Nilikuwa nyuma ya jiko la Mama nikiokota kuni, ukuta ulikuwa wa udongo na nyufa, na yeye alikuwa ndani na Okelo. Alisema kwa Kijaluo, kwa sauti ya chini isiyo na hasira, kwamba lile gari likipumua mimi nitaondoka na mtoto. "Nitabaki na kaburi," alisema. "Kaburi haliniiti Dani." Akoth ndiyo kwanza alikuwa ameanza kumwita Dani, bibi. Okelo akasema, "Mama, mtu akitaka kutoka, hata miguu ni gari." Mama akasema miguu humrudisha mtu. Niliacha zile kuni nikarudi kwangu mikono mitupu. Tangu siku hiyo nilimtazama Mama kama mtu anayemtazama mlinzi, na nilianza kupeleka valvu zangu ndani kila nilipoondoka mkekani, nikazihesabu.

Injini ilifungwa wiki tatu kabla ya mavuno. Kila valvu kwao. Athumani alibana nati za mwisho, akapangusa mikono, akafungua kifuniko cha distribyuta, lile bakuli dogo jeusi ambalo nyaya za plagi zote hutokea, akakaa hivyo hivyo ameinama. Ndani mlikuwa mtupu. Alinyoosha kidole gumba kunionyesha ukubwa wa kilichokosekana. Rota, akasema, kidude cheusi chenye ulimi wa shaba juu, kinazunguka humu ndani na kugawa moto kwa kila plagi. Bila hicho ni sanduku la chuma. Kisha akapiga paji la uso. Madereva wote wa Osiri walifanya hivyo, akasema. Jioni unachomoa rota unaondoka nayo, mwizi hata akiwa na ufunguo atasukuma mpaka achoke. "Ouma alikuwa analala nayo wapi, shemeji?" Nilisema sijui. Hiyo ndiyo kweli. Nilikuwa mke wake miaka mitatu na sikuwahi kuona.

Tuliitafuta. Nilipasua mto wa Ouma. Nilikagua mifuko ya lile koti nililokuwa nimevaa mwaka mzima, mpaka ndani ya mshono. Niliingiza mkono kwenye nyasi za paa, nikachimba chini ya jiwe la mlangoni. Okelo alichungulia kwenye ghala na kwenye mzinga wa nyuki, akaumwa jicho likavimba, na mtu anayetaka gari liuzwe haingizi kichwa kwenye mzinga. Naliandika hilo pia. Nilimuuliza mke wake. Nilimuuliza jirani kupitia minyaa. Athumani aliuliza Migori yote, akapita vibanda vya Homa Bay, akatuma ujumbe Kisumu, na rota tatu alizoletewa zilikuwa za magari mengine, hazikuingia. Gari letu lilikuwa limepitwa na wenzake. Mahindi yakakauka. Wazee wakataja siku. Watu wawili wa vyuma chakavu walikuja wakalizunguka gari, wakalipiga teke magurudumu, wakasema watarudi.

Kwa Mama sikuuliza. Nimejiuliza kwa nini, miaka ishirini na minane sasa. Mke wa mwana hamhoji mama mkwe, hilo ni kweli, lakini yeye mwenyewe alikuwa akinitania kutoka kwenye kigoda, angejibu. Nadhani niliogopa mambo mawili. Niliogopa aseme hana, na nisimwamini. Na niliogopa aseme anayo, halafu niishi naye vipi. Kwa hiyo nilitafuta boma zima nikimzunguka yeye, kama mtu anayefagia kuzunguka kigoda cha mkubwa.

Siku nne kabla ya wazee kuja, saa nne asubuhi, Mama aliingia jikoni kwangu. Hakuwa na kawaida ya kuingia. Nilikuwa nachambua omena. Alitoa kwenye kifundo cha leso yake kikopo chake cha ugoro, akakifungua, akatoa kitambaa, akakiweka kwenye ungo wangu juu ya omena. Ndani ya kitambaa kulikuwa na kidude cheusi, ukubwa wa kidole gumba, na ulimi wake wa shaba ulikuwa unang'aa kama kitu kinachoguswa kila siku.

"Hiki ni cha Ouma," alisema. "Alikuwa ananipa kila jioni, asubuhi anakuja kukichukua. Siku ile ya homa hakuja."

Alisimama anatazama omena, akaona moja ina mchanga, akaitoa, akaenda zake. Je, alijua ni nini? Aliona tukipasua mto. Aliona Okelo na jicho lake. Lakini mazungumzo ya rota yalikuwa ya Kiswahili, na Okelo alipotafuta alisema tu wanatafuta kipande cha gari, na Mama hakuwahi kuambiwa kwamba kile kitu anachopewa jioni ni kipande cha gari. Pengine kwake kilikuwa kitu cha mtoto wake ambacho mwenyewe hajarudi kukichukua. Au alijua kila kitu, akakaa nacho wiki tatu kiunoni, akinitazama. Nimeziweka hizi mbili kwenye mizani mara nyingi na hazijawahi kuelemea upande.

Athumani aliitiwa siku hiyo hiyo. Betri ilikuwa imekufa kabisa, kwa hiyo ilibidi lisukumwe. Mimi nikashika usukani kwa kuwa mimi ndiye niliyejua kufika Kisii bila injini. Okelo, mkewe na Athumani wakasukuma kutoka ghalani kuteremka, Athumani akapaza sauti achia, nikaachia klachi. Likakohoa. Likatema moshi mweusi wa masizi yangu yote. Likashika. Sikumbuki nilihisi nini na sitabuni. Nakumbuka kuku wakipanda juu ya jiko, na mtetemo ukinipanda kwenye meno. Chola ilikuwa bado juu yangu, kwa hiyo sikuweza kutoka. Nikazunguka. Nikapita kaburi la Ouma, nikapita ghala, nikapita jiko la Mama, nikarudi kwenye kaburi, gia ya kwanza, mara tatu, mara nne, nikiwa na koti lake. Sikujua kusimama na sikutaka. Mara ya tano nilielekea langoni, nikakanyaga klachi na breki, na pua ya gari ikasimama kati ya minyaa. Mama alikuwa pale amembeba Akoth mgongoni. Injini ilikuwa inanguruma na bado nilimsikia.

"Nyar Asumbi. Umefika wapi?"

"Nimefika langoni, Mama."

Alitazama barabara, kisha akasogea pembeni, hatua moja, kama anayepisha gari kwelikweli.

Wazee walikuja siku yao. Okelo ndiye aliyesema mbele ya wote kwamba kwa upande wake koti lake litundikwe nyumbani mwangu siku moja, badala ya yeye kunirithi, na hiyo itoshe, na baba mdogo akakubali. Baada ya mwezi niliondoka na Akoth. Hiyo pikapu ilifanya kazi hapa Rangwe miaka kumi na moja, ilibeba kuni hadi Asumbi na viazi hadi Homa Bay, na mabati yake sasa ni nyumba ya kuku nyuma ya jiko. Mama nilimtembelea kila Krismasi. Akoth alimwita Dani mpaka mwisho. Rota hatukuitaja kamwe.

Sasa hivi Okelo ameamka. Nimemsomea kidogo nilichoandika, ile sehemu ya mzinga, akacheka na kushika jicho. Kisha nikamuuliza jambo ambalo sikuwahi kumuuliza: mwaka ule tulipokuwa tunatafuta, yeye aliwahi kumuuliza Mama? Alizungusha kofia yake.

"Hapana, yuora," alisema, kwa neno letu la shemeji. "Nilidhani wewe umemuuliza."

Upepo ulifunga mlango, nikaenda kuufungua. Nimerudi kwenye ukurasa wa kwanza na kuandika nitakachosema Jumamosi, na ni kifupi: kwamba mume wangu alimpa Mama kitu amtunzie, akakitunza, kisha akanipa mimi akijua kitanipeleka mbali naye, na kwamba nilitafuta boma zima nisimuulize yeye, na hilo ni kosa langu. Kama alijua wiki tatu mapema, hilo ni lake, aende nalo. Okelo amesema ni sawa lakini nisitaje jicho lake.

Jioni tumekula kuon ya mtama na omena. Nilizichambua mwenyewe, na moja ilikuwa na mchanga.